Kalipa ya Kushoto ya Benzi la Afande

Kwa karibu mwaka mzima, mimi, mtu mzima mwenye mvi na cheti cha ufundi kilichotiwa fremu, niliamini kwamba gari ambalo mwenyewe amekufa huvuta kuelekea kaburini kwake. Wala sikuamini nusunusu. Niliamini kiasi cha kuwafundisha wengine. Ukikanyaga breki, niliwaeleza, gari linakuwa halina mtu kwa kitambo kidogo, na hapo ndipo marehemu anapopata nafasi ya kuushika usukani. Nilikuwa na maelezo ya kila kipengele, na pale maelezo yalipopungua nilitengeneza mengine papo hapo, bure.

Mwalimu wenu ameniomba niwaandikie ninyi vijana wa darasa la jioni, darasa lile lile nililokaa mimi nikiwa na miaka arobaini na miwili, magoti yakigonga meza kwa chini. Alisema niandike juu ya kazi ya breki na niwape moyo. Moyo nitawapa. Lakini kwanza nataka mshtuke, maana mshtuko nilioupata mimi katika kazi hii haujanitoka hadi leo, na nimeshastaafu, nafuga kuku.

Gereji yetu ilikuwa Katwe, hapa Kampala, na lugha yake ilikuwa Kiswahili. Mwenye gereji, Mzee Odhiambo, alikuwa Mkenya wa Kisumu ambaye Luganda yake iliishia kwenye salamu. Wateja wetu wengi walikuwa polisi na wanajeshi, watu wa kaskazini, na mimi mwenyewe nilizaliwa kwenye kota za polisi pale Nsambya, mtoto wa koplo kutoka Arua. Kwa hiyo tuligombana kwa Kiswahili, tukapatana kwa Kiswahili, na magari nayo yalitukanwa kwa Kiswahili mpaka yakawaka.

Mzee Odhiambo alikuwa bahili wa maneno. Nitawapa mfano mmoja mumjue. Mwaka wangu wa pili kwake nilifungua breki za mbele za pikapu moja, nikatoa kalipa zote mbili, vile vyuma vinavyoikumbatia diski na kuibana, nikaziosha na kuzipiga rangi nyekundu mpaka zikapendeza kama viatu vya bibi harusi. Nikazirudisha. Kumbe ya kulia nimeifunga kushoto na ya kushoto nimeifunga kulia. Zinaingia, ndugu zangu, hilo ndilo balaa lake. Boliti zinakubali, kila kitu kinakaa, ila ile skrubu ndogo ya kutolea hewa, ambayo inatakiwa iwe juu, sasa inatazama chini. Nilipampu breki toka asubuhi hadi adhana ya alasiri. Nilimaliza mafuta ya breki ya kumwogesha ndovu. Pedali ikabaki laini kama matoke. Mzee Odhiambo akapita, akainama, akaangalia gurudumu moja tu.

"Rajabu, hewa hupanda au hushuka?"

"Hupanda, mzee."

"Basi iambie ishuke," akasema, akaenda zake kunywa chai.

Hiyo ndiyo ilikuwa shule yangu ya mchana. Ya jioni ilikuja baadaye, na huko nilifaulu vizuri. Kwenye mtihani wa mwisho kulikuwa na swali la presha ya mafuta na ukubwa wa pistoni. Nilipata maksi zote. Kumbukeni hilo wakati mnanicheka.

Sasa tuje kwa Benzi.

Lilikuwa Benzi la zamani, lile lenye taa za mbele zilizosimama wima, rangi ya maziwa yaliyotiwa chai kidogo. Lilikuwa la afande mmoja wa polisi, Mwacholi, ambaye alilifuta vumbi kila Jumapili kabla ya misa na baada ya misa. Alipofariki walimzika kwao Gulu, na gari likabaki kwa mjane wake, Mama Lamwaka. Mama huyu hakuwa mtu wa kukaa akilia. Alikwenda kwenye maduka ya Kikuubo akanunua utepe wa satini kwa mabunda, akalivalisha lile gari, akaanza kulikodisha kwa harusi. Aliliendesha mwenyewe, amevaa glavu nyeupe. Alizoea kusema pensheni yake ina magurudumu manne.

Basi Jumamosi moja anashuka mteremko wa Nsambya na bibi harusi kiti cha nyuma, akakanyaga breki, na gari likakata kushoto kama lililoitwa jina. Likapanda ukingo wa barabara, likasimama unyoya mmoja tu kutoka kwenye sigiri ya muuza chapati. Muuza chapati alikimbia, mimi nasema, mpaka Entebbe. Bibi harusi alishuka na kumaliza safari kwa miguu, shela mkononi. Hakuna aliyeumia. Lakini Mama Lamwaka alinisimulia habari hiyo pale gereji bila kuvua zile glavu.

Mzee Odhiambo wakati huo alikuwa amekwenda kwao kwa miezi mingi, ana shughuli za familia. Gereji ilikuwa yangu. Nikalishambulia lile gari. Nilipeleka magurudumu yakapimwa mwelekeo. Nilihamisha tairi za kushoto kulia na za kulia kushoto. Nilibadilisha pedi, nikabadilisha mipira ya breki, nikatoa hewa mara saba, na safari hii skrubu zilikuwa juu, niliangalia. Likavuta kushoto. Nikajaribu tena, likavuta kushoto kwa dharau zaidi.

Fundi anayeshindwa ana njia mbili: aseme ameshindwa, au atafute mtu wa kumlaumu ambaye hawezi kujibu. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na mziba pancha mmoja, mcheshi, akasema huku anacheka kwamba labda afande anataka gari lake. Yeye alitania. Mimi nilihisi nywele zinanisimama. Nikapiga hesabu: gari halikuwahi kuvuta afande akiwa hai, limeanza kuvuta baada ya mazishi. Nikasema hapa hakuna ufundi tena. Nikaanza kuwasimulia wateja wakati wa chakula, na kila nilipoisimulia habari hiyo ilinenepa. Wiki ya kwanza gari lilivuta tu. Wiki ya pili lilikuwa linapiga honi lenyewe likiona basi la Gulu.

Mama Lamwaka nilimuuliza kaburi liko wapi, kisha nikamwambia aendeshe polepole na aombe. Fikirini. Mwanamke amekuletea breki, wewe unamwandikia sala.

Maneno yana miguu. Yangu yalipanda basi, yakavuka daraja la Karuma, yakafika nyumbani kwa Ojok, kaka mkubwa wa marehemu. Jumanne moja Mama Lamwaka alikuja gereji bila gari, akakaa kwenye benchi, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba shemeji yake amepiga simu. Amesikia, tena kutoka kwa fundi mwenyewe, kwamba marehemu analitaka gari lake nyumbani. Ukoo umekaa, umekubaliana. Jumamosi anakuja kulichukua.

"Likienda hilo gari," alisema Mama Lamwaka, "mimi nabaki na utepe."

Nilikuwa nimeshika kikombe cha chai, nikakiweka hewani, kikaanguka. Kitu nilichokitunga kwa ajili ya kuchekesha watu wakati wa maharage kilikuwa kinamnyang'anya mjane riziki yake, na kilikuwa kimesafiri na jina langu juu yake.

Mungu si Athumani, Mzee Odhiambo alikuwa amerudi siku moja kabla. Alisikiliza yote kutoka ndani ya ofisi yake. Alimwambia Mama Lamwaka alilete gari kesho yake asubuhi, na mimi akaniambia nioge vizuri, kwa sababu tutafanya kazi karibu karibu.

Ninyi mmekulia Kampala, mnajua mwenye gari hapa hamwachii fundi gari akaenda zake. Anakaa kwenye benchi, macho kwenye boneti, asije akabadilishiwa kifaa kizima akawekewa kibovu. Watu huchora namba ya gari kwenye vioo, kwenye taa, kwenye kila kinachochoreka. Nimemfahamu mmoja aliyebakiza kuwachora watoto wake tu. Na Mzee Odhiambo, ili kukata ubishi, alituwekea sheria: kila fundi ana alama yake, na kila chuma anachokifunga anakipiga alama hiyo kwa msumari wa panchi na nyundo. Mteja akirudi na kelele, tunaangalia alama, kesi imekwisha. Alama yangu mimi ilikuwa nukta tatu, zimekaa kama mafiga.

Jumatano asubuhi Mama Lamwaka akakaa benchini na mwavuli wake. Tukalipandisha gari juu ya jeki, tukatoa kalipa zote mbili za mbele, Mzee Odhiambo akaziweka kwenye gazeti, moja huku, moja huku, akaziosha sehemu za pistoni.

"Niambie tofauti," akasema.

Nikaziangalia. Jina la kiwanda lile lile limechomoza kwenye chuma. Umbo lile lile. Pedi zile zile zinaingia zote mbili. Nikamwambia hizi ni mapacha, hata mama yao hawezi kuzitofautisha.

"Pima."

Venia yangu, kile kipimo cha chuma chenye taya mbili, ilikuwa kwenye sanduku lake la mahameli, mpya kama siku niliyoinunua kwa ajili ya mtihani. Tangu nifaulu nilikuwa nimeitumia mara moja tu, kupima unene wa chapati kwa sababu ya ubishi. Tukazisukuma pistoni nje kidogo kwa upepo. Nikaanza na ya kulia: milimita hamsini na saba. Nikaenda ya kushoto: sitini. Nikaifuta miwani. Sitini. Nikaifuta venia yenyewe kwa shati. Sitini.

Jamani. Milimita tatu. Macho hayazioni, nawaapia, hata ukiwa na macho ya mwewe. Lakini mguu ukikanyaga pedali, mafuta yanakwenda kulia na kushoto kwa presha ile ile, na pistoni kubwa inasukuma kwa nguvu zaidi. Gurudumu la kushoto linabanwa zaidi, gari linageukia kushoto. Hilo ndilo swali la mtihani, neno kwa neno, nililolipatia maksi zote. Nilisimama pale nikihisi kile cheti kinanitazama kutoka ukutani.

Halafu, badala ya kunyamaza, nikapandisha hasira. Nikasema gari hili limebadilishiwa kifaa. Nikasema ni wezi wa kule linakooshwa, wamechukua kalipa halisi wakaweka ya gari jingine, na mimi nitakwenda huko leo hii na spana mkononi. Mama Lamwaka akasema kutoka benchini kwamba haiwezekani, hajawahi kuliacha gari hili mahali popote peke yake. Nikamwambia mama, wezi wa Kampala wanakuvua soksi na viatu umevaa.

Mzee Odhiambo akachovya kitambaa kwenye petroli, akanipa. "Futa mgongo wake."

Nikafuta. Matope ya Gulu yakatoka kwanza, halafu matope ya Kampala. Chini yake, karibu na tundu la boliti, kulikuwa na nukta tatu, zimekaa kama mafiga.

Sijui niwaelezeje. Nimewahi kupigwa na umeme wa redio, nimewahi kuangukiwa na giaboksi kifuani, lakini sijawahi kukosa pumzi namna ile. Yote yalinirudia kwa mkupuo. Walipotoka kumzika afande, jiwe la njiani lilikuwa limeipasua kalipa ya kushoto, ikawa inavuja. Mama Lamwaka alilileta kwetu. Mimi ndiye niliyekwenda kwenye soko la spea zilizotumika, nimebeba ile mbovu kwenye mfuko wa plastiki. Mimi ndiye niliyeziweka mbili sambamba, nikaziangalia kwa macho, nikasema ndiyo hii. Nikaacha ile mbovu pale pale kama ilivyo desturi, nikaja nayo hii, nikaipiga nyundo nukta zangu kwa madaha. Kisha gari likalala chini ya turubai miezi minne ya msiba. Lilipoamka likawa linavuta, na mimi nikamtafuta mkosaji kwenye tairi, kwenye barabara na kaburini.

Mama Lamwaka alikuwa ameinuka kutoka benchini, amesimama nyuma yangu.

"Hiyo alama ni ya nani?"

Ningeweza kusema sijui. Mzee Odhiambo aligeuka akaangalia ukuta, akaniachia nafasi ya kuwa mtu au kutokuwa.

"Ni yangu, mama. Niliifunga mimi."

Alinitazama kwa muda ambao kwangu ulikuwa kama mwezi wa Ramadhani. Halafu akauliza kama gari litakuwa limepona Jumamosi.

Alhamisi na Ijumaa nilizunguka soko la spea na venia mkononi. Wauzaji walinicheka, mmoja akauliza kama nimekuja kupimia watu viatu. Nilipima. Na hapa vijana chukueni kalamu, maana haya sikuyapata darasani. Gari la zamani limepita mikono mingi, kwa hiyo usiamini kwamba kilicho ndani yake ndicho kilichozaliwa nacho. Soma namba zilizochomoza kwenye chuma, kulia na kushoto. Zikitofautiana, simama hapo hapo. Pima pistoni. Pima unene wa diski pande zote mbili, maana nimeshaona diski ya gari jingine imefungwa kwa nguvu za imani. Angalia kingo za pedi: ukiona zimeng'aa kwa grenda, ujue kuna mtu alilazimisha kitu kisichotaka kuingia. Na ukikosa mwenzake halisi, badilisha pande zote mbili ziwe sawa, usifunge moja ukamwachia Mungu nyingine. Mimi nilimpata mwenzake Ijumaa mchana, hamsini na saba, wa kushoto, skrubu juu. Nilimkumbatia mbele za watu.

Jumamosi Ojok alifika. Mwalimu mstaafu, mrefu kama nguzo ya simu, suti ya kijivu, na mkononi kidumu cha petroli cha safari ya kurudi. Alikuwa amejiandaa kuondoka na gari mchana ule ule. Alimsalimu Mama Lamwaka kwa heshima zote, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ametumwa na ukoo kumrudishia ndugu yao kitu chake. Mimi nilimwambia hapo hapo, kabla magoti hayajabadili nia, kwamba ule uvumi ni wa kwangu na ile kalipa ni ya kwangu. Akasema twende barabarani.

Mama Lamwaka aliendesha, Ojok kando yake, mimi nyuma nimekaa pale alipokaa bibi harusi. Tulipofika kwenye kipande kilichonyooka, hakuna watu, Mama Lamwaka akaongeza mwendo, akanyanyua vidole vyake kutoka kwenye usukani, akakanyaga breki. Moyo wangu ulitoka ukakaa kwenye kioo cha mbele. Gari likasimama limenyooka kama uzi wa mwashi. Ojok akasema tena. Likasimama tena. Akaomba aendeshe yeye, akafanya mara mbili kwenda, mara mbili kurudi, uso hauonyeshi kitu. Kisha akaegesha pembeni.

"Basi ndugu yangu ameridhika," alisema. "Amekubali libaki hapa."

Na mimi, ndugu zangu, mimi mwenye cheti, nilianza kutikisa kichwa kukubali. Ilikuwa njia nzuri ya kutokea kwa kila mtu. Gari linabaki, ukoo hauaibiki, fundi anasahaulika. Na ndani kabisa, Mungu anisamehe, bado kulikuwa na kipande changu kilichokuwa kinaamini.

Mama Lamwaka alinyoosha mkono, akazima injini.

"Hapana, shemeji," alisema. "Hili gari nililiendesha hadi Gulu kwa maombi ya mwaka, polepole, na nikalirudisha. Kwenda lilivuta kushoto. Kurudi lilivuta kushoto. Kaburi lilikuwa mbele yangu nikienda na nyuma yangu nikirudi. Halikuwa kushoto hata siku moja. Mume wangu amelala, mwacheni alale. Fundi alifunga chuma kisicho cha gari hili."

Ojok alishuka, akafungua kifuniko cha tangi, akamimina kidumu chake chote cha petroli mle ndani, akauliza kituo cha mabasi kiko upande gani.

Mimi nilibaki kiti cha nyuma. Nilimuuliza Mama Lamwaka kwa nini miezi yote ile hakuniambia jambo hilo.

Alihamia kwenye usukani, akaniangalia kupitia kioo. "Uliniuliza kaburi liko wapi, fundi, nikakujibu. Hukuniuliza nikirudi lilivuta upande gani."